Kikao cha Elfu Tatu, Kikao cha Elfu Moja

Mwanangu ana miaka 10 na ana sindromu ya Down. Ndani ya matatu hukaa dirishani, nyuma ya dereva. Siku akikuta mtu mwingine kwenye kiti hicho, safari yetu huharibika kabla gari halijaondoka Kangemi. Asubuhi moja mwaka jana alijilaza kwenye ujia wa katikati, akaziba masikio, akapiga sakafu kwa visigino mpaka abiria wakaanza kushuka. Makanga hakuwa mtu mbaya. Alinirudishia nauli akaniambia, "Mama, pole. Shukeni kwanza atulie, mtapanda ingine." Tulikaa kando ya Waiyaki Way karibu nusu saa, yeye akilia, mimi nikimpangusa vumbi usoni. Tulipofika kliniki, zilikuwa zimebaki dakika 20 tu za kikao. Tulitozwa kikao kizima.

Kikao chenyewe kilikuwa cha kumfundisha kumudu hisia zake.

Jioni ile nilifungua daftari la matumizi ya nyumbani nikaanza kuandika kila shilingi na kila saa inayotumika kwa ajili ya tiba hii. Wazazi wengi ninaokutana nao, wa Kawangware, Uthiru, Dagoretti na hata Lavington, huulizana swali moja: kikao ni pesa ngapi? Mimi mwenyewe nimeliuliza miaka mingi. Daftari limenifundisha kwamba swali hilo halitoshi, na hapa nataka kueleza kwa nini, nikilinganisha njia tatu ambazo mzazi wa upande huu wa Nairobi anaweza kuzifikia: kliniki ya kibinafsi ana kwa ana, hospitali ya umma, na kikundi cha watoto kinachokutana kwa video.

Kwanza tuelewane ni kitu gani tunanunua. Wataalamu wakisema kumudu hisia wanamaanisha mtoto atambue mwilini kwamba jambo fulani linamkera kabla halijalipuka, apate njia ya kulieleza hata kama maneno ni machache, halafu apate kitu cha kufanya kitakachomshusha. Watoto wengi hujifunza haya kwa kuiga tu, bila mtu kuwafundisha. Mtoto aliyezaliwa na tofauti ya kijenetiki mara nyingi huhitaji kufundishwa hatua moja moja, kwa kurudiarudia, na hatua hizo hutegemea tofauti aliyonayo. Tangu mwaka 1959, Jérôme Lejeune na wenzake walipotangaza kule Ufaransa kwamba sindromu ya Down inatokana na kromosomu ya ziada, ya 21, sayansi imezitambua hali nyingi za kijenetiki, na kila moja ina tabia zake. Nitarudi kwenye tofauti hizo, kwa sababu ndizo zinazoamua kama pesa yako itafanya kazi au itapotea.

Sasa hesabu. Bei hutofautiana sana kutoka kliniki hadi kliniki, kwa hiyo ninatumia namba za mfano zilizo rahisi kujumlisha. Kama wewe unatozwa zaidi au pungufu, badilisha namba, njia ya kuhesabu itabaki ile ile.

Tuseme kikao cha ana kwa ana na mtaalamu wa kibinafsi, huko Kilimani au Westlands, ni shilingi 3,000, mara moja kwa wiki. Nauli ni 80 kwa mtu mmoja, kwenda tu. Mtoto wa miaka 10 hapakatwi, analipiwa kiti, kwa hiyo wawili kwenda na kurudi ni 320. Halafu kuna nusu siku ya kazi iliyokwenda. Kwa mama anayefanya kibarua au mwenye kibanda, tuiweke 600. Kikao kinachotangazwa kuwa cha elfu tatu kimefika 3,920. Kwa wiki nane ni 31,360. Ongeza tathmini ya kwanza, tuseme 5,000, pamoja na nauli yake na nusu siku yake: jumla 37,280.

Hospitali ya umma ni hadithi nyingine. Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta pale Upper Hill ina wataalamu waliobobea, na ada zake ziko chini kwa mbali. Tuseme kikao ni 500. Lakini foleni ni ndefu na wataalamu ni wachache kulingana na watoto, kwa hiyo chukulia utapata tarehe mara moja kila wiki mbili. Kutoka Kangemi ni magari mawili, tuseme 150 kwa mtu kwenda, 600 kwa wawili kwenda na kurudi, na siku nzima ya kazi imeisha, 1,200. Kikao cha mia tano kimekuwa cha 2,300. Katika wiki nane umepata vinne, na umetumia 9,200.

Kikundi cha mtandaoni: tuseme 1,000 kwa kikao cha saa moja, mara moja kwa wiki. Simu ya video yenye watu sita hula karibu GB 1 kwa saa, kwa hiyo weka bando la 100. Kikao kikiwa saa kumi na moja jioni hakuna siku ya kazi inayopotea. Weka 800 mara moja tu kwa vifaa: spika ndogo ya masikioni, kadi za picha, karatasi za rangi. Wiki nane ni 9,600. Lakini hapa sitaki mtu adanganywe na bei ya tangazo. Kikundi cha mtandaoni bila tathmini ya ana kwa ana ni kama dawa iliyonunuliwa bila kupimwa. Ongeza tathmini ya 5,000 mwanzoni, ziara moja ya 3,000 mwishoni kuangalia alipofika, nauli na nusu siku kwa safari hizo mbili. Jumla inafika 19,440.

Kwa hiyo, kwa namba hizi, njia ya mtandao ikinunuliwa kwa ukamilifu wake inagharimu zaidi kidogo ya nusu ya njia ya kliniki kwa wiki zile zile nane, na takriban mara mbili ya hospitali ya umma, ila inatoa vikao mara mbili ya vile vya hospitali. Mzazi mwenye elfu tisa tu asione haya kwenda Kenyatta. Vikao vinne vya mtaalamu mzuri, vikifuatwa na mazoezi ya kila siku nyumbani, vina nguvu kuliko vikao kumi vinavyoishia mlangoni mwa kliniki.

Na hapo ndipo swali la bei ya kikao linapoanguka. Saa moja kwa wiki haimfundishi mtoto kutulia. Yanayomfundisha ni yale yanayotendeka katika saa nyingine zote: asubuhi sare ya shule inapomkwaruza shingo, jioni stima inapopotea katikati ya katuni, Jumapili kanisani vipaza sauti vinapowashwa. Kwa hiyo mimi sasa nauliza jambo moja kabla ya lolote: je, kikao hiki kinamfundisha nani? Kliniki nyingi humchukua mtoto ndani, mzazi anabaki kwenye benchi la nje akitazama simu. Baada ya dakika 45 anaambiwa, "Leo amefanya vizuri." Vizuri vipi? Kwa kufanya nini? Ukirudi nyumbani huna la kuendeleza. Kikundi cha video, hata kile cha kawaida, hakiwezi kukuacha nje, maana wewe ndiye unayeshika simu, unayegeuza kadi, unayempumzisha akichoka. Ukitaka usitake, umeingia darasani.

Huu ndio uzuri wake, na ndiyo gharama yake ambayo haiandikwi kwenye risiti. Kazi ya mtaalamu inahamia kwako. Mama anayefunga kibanda saa mbili usiku, mtoto akishinda na dada wa kazi au na nyanya yake, akinunua kikundi cha saa kumi na moja jioni atakuwa amelipia nusu ya somo. Ushauri wangu kwake ni kwamba anayeshinda na mtoto ndiye akae mbele ya simu. Kama ni dada, basi dada, na alipwe kwa saa hiyo kama kazi, kwa sababu ni kazi. Katika kikundi cha video alichojiunga nacho mwanangu yuko nyanya mmoja ambaye haandiki wala hasomi, na mjukuu wake ndiye aliyepiga hatua haraka kuliko wote, kwa kuwa yule nyanya hana haraka. Neno moja atalirudia siku nzima kwa sauti ile ile.

Hebu nieleze kikao kilivyo, kwa kuwa wengi huwaza ni mhadhara. Simu yetu huegemezwa kwenye kopo la sukari mezani. Watoto ni watano, wote wana sindromu ya Down, wenye umri wa miaka 8 hadi 12. Mwalimu huanza na wimbo wa majina, kila mtoto anapungia kamera. Kisha zinakuja kadi tatu: kijani nimetulia, manjano naanza kuchafuka, nyekundu nimelipuka. Kila mtoto anainua yake. Halafu kikombe. Mwalimu anainua kikombe kitupu, "Nusa chai," wote wanavuta pumzi kwa pua, "puliza chai, ni moto," wote wanapuliza polepole kwa mdomo. Nyumbani kwetu kikombe ni cha bati la bluu. Mwanangu alikipuliza wiki tatu kabla sijamwona akikitumia bila kuambiwa. Siku hiyo kaka yake alimnyang'anya rimoti. Alikimbia jikoni, nikasikia kabati likifunguliwa, nikamkuta amesimama kikombe mkononi anapuliza, machozi yanamtoka. Rimoti hakurudishiwa mara moja. Lakini hakupiga mtu.

Sitaficha ubaya wa mtandao. Wiki ya pili sura ya mtoto mmoja iliganda katikati ya wimbo, mdomo wazi, macho kwenye kamera. Sisi watu wazima tulijua ni mtandao. Mwanangu aliona rafiki yake amekataa kuongea naye. Alimwita mara nne, kisha akasukuma simu ikaanguka chini. Mwalimu mzuri hujiandaa kwa hilo: wa kwetu sasa ana picha ya kila mtoto akitabasamu, na mtandao ukikatika anaiinua na kusema, "Anakuja, tumngoje." Muulize anayekuuzia kikao anafanya nini hali hiyo ikitokea, na stima ikipotea Kangemi dakika ya kumi, pesa inakwenda wapi. Kama hana jibu la haraka, hajawahi kuongoza watoto wetu kwa video.

Nilisema nitarudi kwenye tofauti za watoto. Kikundi kimoja kilichochanganya kila hali kinaweza kuwa cha bei nafuu na kisimfae yeyote. Watoto wenye sindromu ya Down kwa kawaida hushika zaidi wanachokiona kuliko wanachokisikia, kwa hiyo kadi, picha na vitendo kwenye skrini huwasaidia. Maelezo marefu ya mdomo yanapita tu. Wengi wao pia husikia kwa shida, na sauti ya simu ndogo kwenye chumba chenye mwangwi ni mateso kwao. Mtoto mwenye sindromu ya Fragile X mara nyingi huepa kutazamana macho kwa macho, na kwake kamera inaweza kuwa nafuu: anashiriki bila kukazwa macho na mtu aliye karibu. Mwenye sindromu ya Williams hupenda watu, atafurahia kikundi, lakini wengi wao huumizwa na sauti za ghafla. Kikundi ambacho maikrofoni zote ziko wazi, mtoto mmoja akapiga kelele, kitamvuruga kwa siku nzima. Na mwenye sindromu ya Prader-Willi huishi na njaa isiyokatika. Mwalimu anayetuza watoto kwa biskuti kila wakifanya vizuri, jambo ambalo nimeliona kwa macho yangu likifanywa kwa nia njema, anamwasha moto mtoto huyo badala ya kumtuliza.

Kwa hiyo uliza kikundi kina watoto wa aina gani, na wangapi. Mimi sikubali zaidi ya sita. Wakizidi hapo, kila mmoja anapata dakika chache za kuonekana, na dakika zinazobaki anajifunza kusubiri tu.

Kuna watoto ambao kwa maoni yangu kikundi cha mtandaoni hakiwafai kwa sasa, hata kikiwa bure. Anayejiuma au kujigonga kichwa akikasirika. Anayekimbia nje ya nyumba. Aliyebadilika ghafla, jana alikuwa mchangamfu na leo hataki kula wala kulala. Hawa wanahitaji mtu wa kuwaona ana kwa ana, na wa mwisho anahitaji daktari kabla ya mtu wa saikolojia.

Hili la daktari ndilo ninalotamani kila mzazi alijue kabla hajatuma pesa. Kwa watoto wenye sindromu ya Down, majimaji nyuma ya ngoma ya sikio, tezi ya shingoni kufanya kazi chini ya kiwango, na pumzi kukatika usingizini ni mambo ya kawaida sana. Kila moja linaweza kumfanya mtoto awe mkali, mzito, au mwenye kulia bila sababu. Mtoto asiyelala vizuri hawezi kufundishwa kutulia, kama vile wewe na mimi tusivyoweza baada ya usiku wa mbu na joto. Mwanangu alikuwa na masikio yaliyojaa karibu mwaka mzima, na mwaka huo wote nililipia vikao vya tabia. Kituo cha afya kilicho karibu nawe kinaweza kuanza kumwangalia na kukupa barua ya rufaa. Chini ya Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF tarehe 1 Oktoba 2024, huduma za wagonjwa wa nje katika vituo vya ngazi ya 2 na 3 hulipiwa na mfuko wa afya ya msingi. Mchango ni asilimia 2.75 ya mapato, na usiopungua shilingi 300 kwa mwezi. Kama bado hujajiandikisha, anza hapo kabla ya kutafuta kikundi chochote.

Wenye bima za kibinafsi, someni kifungu cha hali za kuzaliwa nazo. Ndicho mara nyingi huwekewa kikomo kidogo kuliko mengine, na tiba ya mtoto wako inaweza kutupwa humo. Uliza kwa maandishi kama kikao cha video kinahesabiwa, maana kuna bima zinazolipia mlango wa kliniki tu.

Pia jiandikishe na Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu, ambalo ofisi zake kuu ziko huku huku kwetu, kando ya Waiyaki Way. Kaya zinazomlea mtu mwenye ulemavu mkubwa na zilizoingizwa kwenye mpango wa Inua Jamii hupata shilingi 2,000 kwa mwezi. Hazitoshi, lakini kwa bei zetu za mfano ni vikao viwili vya mtandaoni kila mwezi. Kwa upande wa shule, vituo vya tathmini ya elimu maalum, vilivyoanzishwa nchini mwaka 1984, na Taasisi ya Elimu Maalum ya Kenya, KISE, iliyoanzishwa 1986 na iliyopo Kasarani, hufanya tathmini ambayo mtaalamu yeyote ataifurahia. Kasarani ni mbali na Dagoretti, najua. Ni safari ya mara moja, na karatasi utakayorudi nayo itakuepusha kulipia tathmini mpya kila unapobadilisha mwalimu.

Ipo njia ya nne ambayo haina bei. Shirika la Afya Duniani lina mafunzo ya stadi kwa walezi wa watoto wa miaka 2 hadi 9 wenye ulemavu wa ukuaji: vikao tisa vya kikundi na ziara tatu za nyumbani, vikiongozwa na watu ambao si lazima wawe wataalamu. Yamejaribiwa hapa Kenya na Ethiopia. Miongozo yake haiuzwi, na tangu 2022 kuna toleo la kujisomea mtandaoni bila malipo. Humo mzazi hufundishwa kucheza na mtoto kwa namna inayomvuta, kusoma dalili za hasira kabla hazijafika, na kujitunza yeye mwenyewe, jambo ambalo kliniki chache hulitia maanani. Udhaifu wake kwetu ni kwamba kujisomea peke yako, usiku, baada ya kazi, kunataka moyo. Wazazi watatu au wanne wa mtaa mmoja wakikubaliana kukutana Jumamosi mbili kwa mwezi na kulipitia toleo hilo pamoja, wamejitengenezea kikundi. Mashirika ya wazazi kama Down Syndrome Society of Kenya na Rare Disorders Kenya ni mahali pazuri pa kutafuta wenzako, hasa kama hali ya mtoto wako ni adimu na mtaani hujawahi kuona mwingine kama yeye.

Kuhusu vikundi vya ng'ambo, nitasema kwa ufupi. Vipo vizuri, na mzazi mwenye mtoto wa hali adimu sana huenda asipate kwingine. Lakini saa kumi na moja jioni ya London kwetu ni saa mbili usiku wakati wa baridi yao na saa moja wakati wa kiangazi, na jioni ya New York ni usiku wa manane wetu. Kikao cha dola 40, kwa kiwango cha shilingi 129, ni 5,160. Na mifano yao ni ya theluji na basi la shule la manjano, mtoto wa Kawangware hana pa kuishikia. Jifunze humo wewe mzazi kama unaweza, halafu umfundishe mtoto kwa kikombe cha chai.

Kabla ya kutuma pesa kwa M-Pesa, omba namba ya leseni. Wanasaikolojia na washauri nasaha wanasimamiwa kwa sheria ya mwaka 2014, na wataalamu wa tiba ya kazi kwa sheria ya 2017, kila kundi lina bodi au baraza lake lenye orodha ya waliosajiliwa. Mtaalamu halisi haudhiki ukiuliza. Kisha uliza kama vikao vinarekodiwa, wapi vinahifadhiwa, na nani anaviona. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inataka idhini ya mzazi kwa taarifa za mtoto, na picha ya mwanao akilia sakafuni ni taarifa zake. Nilishawahi kuondoka kwenye kikundi kimoja baada ya kuona kipande cha video ya mtoto wa mwenzangu kimewekwa kwenye tangazo. Mama yule hakuwa ameulizwa. Sikudai kurudishiwa pesa zangu, na najuta, nilipaswa kuzidai.

Na kwa wale wanaoishi chumba kimoja, kama tulivyoishi sisi miaka mitano: mwambie mwalimu mapema. Hata pazia likivutwa katikati, redio ya jirani haizimiki, na watoto wengine wanataka kuchungulia. Mimi nilizungumza na mama wa nyumba ya tatu, nikawa nawapeleka wangu wawili kwake saa hiyo moja, naye ananiletea wake Jumamosi akienda Gikomba. Gharama hiyo sikuiandika kwenye daftari kwa sababu sikujua niiandikeje.

Kama ningeulizwa leo na mzazi anayeanza, mwenye mtoto wa shule ya msingi na kipato cha kawaida cha huku kwetu, ningemwambia aanze na masikio, tezi na usingizi, alipie tathmini moja nzuri ana kwa ana, aingie kikundi kidogo cha mtandaoni cha watoto wanaofanana na wake kwa wiki nane, na ahifadhi pesa ya ziara moja ya mwisho. Asilipe wiki nane zote kwa mkupuo, alipe mbili kwanza. Wiki mbili zinatosha kujua kama mwalimu anamjua mtoto wako kwa jina na kwa tabia. Baada ya wiki nane kuna watakaoendelea, kuna watakaopumzika, na kuna watakaoona kwamba mtoto wao anahitaji kliniki, na hao watakwenda kliniki wakijua wanachokitafuta.

Mwezi uliopita tulikuwa na tarehe ya ile ziara ya mwisho. Gari lilipofika stejini, kiti cha nyuma ya dereva kilikuwa na mzee mwenye mfuko wa mahindi. Mwanangu alisimama mlangoni. Nilimwona mkono unaingia mfukoni, akatoa kadi ya manjano, ile iliyokunjika pembe, akamwonyesha makanga. Kijana wa watu akaichukua, akaigeuza huku na huku akidhani ni tiketi ya namna gani. Nikamwambia, "Tuache, tutapanda inayofuata." Mwanangu akarudishiwa kadi yake, akashuka ngazi, akasimama kando yangu akipuliza chai ambayo haikuwepo. Gari la pili lilikuja na kiti wazi dirishani. Nauli yake ilikuwa shilingi 20 zaidi, nikaiandika daftarini.